Gothiki ya kale au ya juzi? Kupambanua mitindo ya majengo, ya kweli na ya kubuni

Mwonyeshe mtu picha ya jengo lenye minara iliyochongoka na madirisha marefu, atakuambia "Gothiki" kabla hujamaliza swali. Mwonyeshe jengo jeupe lenye safu ya nguzo mbele, atasema "la Kigiriki". Majibu hayo yana chembe ya ukweli, ila mara nyingi yanakosea kwa miaka mia kadhaa. Kosa huanzia mahali pamoja: jicho hukimbilia pambo, na hakuna kitu rahisi kuiga kama pambo. Mimi mwenyewe niliwahi kumhubiria rafiki yangu kwa nusu saa nzima juu ya mafundi wa zama za kati, huku nikinyooshea kidole picha ya kanisa iliyotundikwa ukutani kwake. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaigeuza fremu. Nyuma palikuwa pameandikwa mwaka wa jengo lenyewe: 1872.

Tangu siku hiyo naanza na swali moja tu: uzito wa paa unashuka ardhini kwa njia gani? Ukishalijibu, nusu ya mitindo imeondoka mezani, na hapo ndipo pambo linaweza kukusaidia kuchagua kati ya ile iliyobaki. Hapa nimeiweka bega kwa bega mitindo ambayo watu huichanganya zaidi. Majengo ya kubuni, yale ya filamu na michezo ya kompyuta, nimeyaacha mwisho kwa sababu huko swali langu halifanyi kazi.

Romaneski na Gothiki

Katika Romaneski, mtindo ulioenea Ulaya katika karne za 11 na 12, ukuta ndio unaobeba kila kitu. Tao ni la nusu duara, la kurithi kwa Warumi, na tao la namna hiyo lina tabia mbaya: linasukuma kwa pembeni. Ukiliwekea ukuta mwembamba, litautanua mpaka uanguke. Kwa hiyo fundi anaunenepesha ukuta, na ukuta ukishanenepa, kila dirisha unalotoboa ni hatari. Ndiyo maana ndani ya makanisa hayo mna kiza, na nje yanafanana na ngome.

Gothiki ililitatua tatizo hilo kwa kulivunja vipande. Tao lenye ncha hupeleka mzigo chini zaidi kuliko pembeni. Mbavu za mawe darini hukusanya uzito na kuushusha kwenye nukta chache badala ya kuusambaza ukuta mzima. Nje, mikono ya mawe inayokatiza hewani huupokea msukumo na kuukabidhi kwa nguzo nene zilizosimama mbali na jengo. Baada ya hapo ukuta ulio kati ya nguzo na nguzo hauna kazi tena, unaweza kuuondoa na kuweka vioo vya rangi. Sehemu ya mashariki ya kanisa la abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Denis, karibu na Paris, iliyojengwa chini ya Abate Suger na kuwekwa wakfu mwaka 1144, ndiyo huhesabiwa mwanzo wa mtindo huu. Mafundi waliofuata walishindana kwenda juu. Huko Beauvais dari ilifika mita 48 hivi, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.

Sasa mtego. Vitabu vingi vya wageni wa fani hii husema: tao la duara ni Romaneski, tao lenye ncha ni Gothiki. Ukifuata kanuni hiyo utapotea mapema sana. Msikiti wa Ibn Tulun jijini Cairo, uliokamilika mwaka 879, umejaa matao yenye ncha, zaidi ya miaka 250 kabla ya Suger. Kanisa kuu la Durham, Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1093, ni Romaneski mpaka kwenye mifupa: nguzo zake za duara ni nene kama mibuyu na zimechongwa mistari ya zigizaga. Lakini inua macho. Darini mna mbavu, na baadhi ya matao yanayokatiza ukumbi yana ncha.

Basi usihukumu kwa umbo la tao peke yake. Pima ukuta dhidi ya tundu. Jiulize: nikiutoa ukuta huu ulio kati ya nguzo na nguzo, jengo litasimama? Kama litasimama, una Gothiki mbele yako. Kama litaanguka, hata liwe na ncha ngapi, bado uko Romaneski.

Gothiki ya kale na Gothiki iliyofufuliwa

Hapa ndipo nilipoaibikia, na sioni haya kusema kwamba ndiyo jozi ngumu kuliko zote. Katika karne ya 19 Waingereza, Wajerumani na Wafaransa waliipenda tena Gothiki, wakaijenga upya kwa wingi, wakiwa na ramani zilizopimwa vizuri, reli za kusafirishia mawe, na chuma.

Dalili ya kwanza ni ulinganifu uliopitiliza. Kanisa la zama za kati lilijengwa na vizazi, na kila kizazi kilikuja na mawazo yake. Tazama uso wa kanisa kuu la Chartres: lina minara miwili isiyofanana hata kidogo. Ule wa kusini ni wa karne ya 12, laini, mtulivu kama chano lililofunikwa kawa. Wa kaskazini ulivikwa kilele kipya mwanzoni mwa karne ya 16, umetobolewa na kunakshiwa mpaka unafanana na lesi. Hakuna aliyeona ubaya. Kisha tazama Bunge la Uingereza lililo kando ya mto Thames. Jumba la zamani liliteketea kwa moto mwaka 1834, na hili la sasa lilibuniwa na Charles Barry, huku Augustus Pugin akichora nakshi zake. Uso wake wa mtoni umepangwa kwa mizani kamili, dirisha la kushoto likimjibu pacha wake wa kulia. Mwili huo umepangwa kwa akili ya karne ya 19, juu yake limevishwa joho la Gothiki.

Dalili ya pili ni kazi ya jengo. Stesheni ya reli yenye matao ya Gothiki haihitaji uchunguzi mrefu. Ya tatu ni usawa wa mawe: rangi moja, makali yaleyale, kila ua limechongwa kama la jirani yake.

Halafu kuna Köln, jengo linaloharibu hesabu zote. Kanisa kuu la huko lilianza mwaka 1248. Katika karne ya 16 kazi ilisimama, na winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara ambao haujaisha kwa zaidi ya miaka 300, hata ikazoeleka kama sehemu ya mandhari ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 19 mchoro wa zama za kati wa uso wa kanisa ukapatikana, vipande viwili katika miji miwili. Mwaka 1842 wakaanza tena kujenga, wakaufuata mchoro huo, na mwaka 1880 minara ikafika mita 157. Je, ni ya kale au iliyofufuliwa? Mbele ni ubunifu wa zama za kati uliojengwa na mikono ya karne ya 19, na juu ya dari ya mawe paa limebebwa na chuma. Ukiulizwa, sema yote mawili, na uonyeshe kwa kidole sehemu ipi ni ipi. Anayekulazimisha uchague moja hajalitazama jengo.

Jengo lenye nguzo: la nani?

Kwanza tuondoe imani moja. Kujua kwamba taji la nguzo ni la Doriki (tambarare, kama mto wa kulalia uliobanwa), la Ioniki (mizunguko miwili kama pembe za kondoo) au la Korintho (majani yaliyojikunja) hakukuambii umri wa jengo. Mataji hayo yametumika kwa zaidi ya miaka 2,000 na kila mtu aliyetaka kuonekana mwenye heshima.

Rudi kwenye mzigo. Mgiriki anasimamisha nguzo na kulaza boriti juu yake, basi. Parthenon ya Athens, iliyojengwa kati ya 447 na 432 KK, haijabebwa na tao hata moja. Mrumi ana tao, ana kuba, na ana zege. Pantheon ya Roma, iliyokamilika karibu mwaka 126, ukiitazama kwa mbele ni hekalu la nguzo kama mengine. Ukiingia ndani unakuta kuba la zege lenye upana wa mita 43, na tundu wazi katikati linaloingiza jua na mvua. Nguzo za mbele ni barua ya utambulisho tu, mwenye nyumba yuko ndani.

Miongoni mwa warithi wao, wanaochanganywa zaidi ni Baroko na Uklasiki mpya. Wote wanatumia nguzo zilezile na kuba lilelile. Mimi hutumia kidole. Weka kidole kwenye picha, kwenye mstari ule wa juu ambapo ukuta unakutana na paa, ukifuate kutoka kushoto hadi kulia. Kidole kikienda moja kwa moja bila kusumbuliwa, huo ni Uklasiki mpya: kuta tupu, pembe safi, ukimya. Kikipinda, kikakatika, kikapanda na kushuka, umo Baroko. Kanisa dogo la San Carlo alle Quattro Fontane jijini Roma, kazi ya Borromini wa karne ya 17, lina uso unaoingia na kutoka kama pazia linalopepea. Linganisha na Panthéon ya Paris aliyoibuni Soufflot, iliyoanza mwaka 1758, ambayo kuta zake za nje zimenyooka na kunyamaza kama mtu aliyekataa kuhojiwa.

Lipo jengo linaloliumbua hata swali langu la mzigo: Bunge la Marekani, Washington. Kuba lake jeupe, lililokamilika mwaka 1866, linaonekana la mawe. Ni chuma cha kusubu kilichopakwa rangi. Umbo ni la kale, mifupa ni ya kiwandani.

Kuba la Kiosmani na kuba la Kimughali

Wengi wakiona kuba na mnara husema "usanifu wa Kiislamu" na kuishia hapo. Ni kama kusikia Kiswahili na Kizulu ukasema vyote ni "Kiafrika".

Kuba la Kiosmani, la dola ya Waturuki, ni pana na limejiinamia. Linashuka kwa ngazi: kuba kubwa, chini yake nusu kuba, chini ya hizo makuba madogo, mpaka jengo lote linakuwa kilima. Umbo hilo linatokana na Hagia Sophia ya Istanbul, iliyojengwa kama kanisa na kukamilika mwaka 537, ambayo wasanifu wa Kiosmani waliishi jirani nayo na kushindana nayo. Msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul, uliobuniwa na Sinan na kukamilika mwaka 1557, ni mfano safi. Minara yake ni myembamba, na ncha zake kali kama penseli iliyochongwa jana.

Kuba la Kimughali, la watawala wa Kiislamu wa India, limevimba. Linatanuka kidogo kabla ya kujikunja kwenda kwenye ncha, kama kitunguu. Taj Mahal, iliyoanza kujengwa mwaka 1632, ina kuba mbili moja juu ya nyingine: ya ndani inayoonwa na mgeni, na ya nje iliyo juu zaidi kwa ajili ya anayetazama kwa mbali. Minara yake minne imesimama peke yake kwenye pembe za jukwaa, haikushikana na jengo. Ukikosea hapa utakuwa umeruka kutoka Uturuki hadi India, si umbali mdogo.

Ati Nuvo na Ati Deko

Jozi hii ni nyepesi. Ati Nuvo ni mmea. Katika Hôtel Tassel ya Brussels (1893), Victor Horta aliacha chuma kijikunje kama vikonyo vya mtambaazi kwenye ngazi na kuta, na malango ya treni ya chini ya ardhi ya Paris aliyobuni Hector Guimard kuanzia 1900 yana taa zinazochomoza kama machipukizi. Ati Deko ni mashine: pembe, miale, ngazi, chuma cha pua. Jina lake limetokana na maonyesho ya Paris ya mwaka 1925, na jengo lake maarufu kuliko yote ni Chrysler la New York, lililokamilika 1930 na kufika mita 319.

Jambo moja linastahili kusemwa hapa, kwa sababu wengi hulihesabu kama ladha ya wasanifu. Maghorofa ya New York ya miaka ile hupungua kwa ngazi kadiri yanavyopanda. Hiyo haikuanza kama pambo. Sheria ya jiji ya mwaka 1916 ililazimisha majengo marefu yarudi nyuma ili mwanga ufike barabarani. Wasanifu waliitii sheria, kisha wakaifanya urembo.

Usasa na Brutalizimu

Usasa unapenda wepesi: vioo, chuma, paa bapa, jengo lililonyanyuliwa juu ya nguzo nyembamba. Brutalizimu unapenda uzito, na jina lake halina uhusiano na ukatili. Limetokana na maneno ya Kifaransa ya zege ghafi, zege lililoachwa bila lipu. Katika jengo la msanifu Le Corbusier la Marseille, lililokamilika 1952, sogeza picha karibu utaona alama za mbao za fomu zimebaki kwenye zege, mpaka mishipa ya mti inasomeka. Hiyo ndiyo sahihi. Zege lililopigwa lipu na kupakwa rangi ya maziwa si Brutalizimu, hata likichukiza vipi.

Wanausasa walijisifu kwamba majengo yao hayasemi uongo. Nenda kalitazame jengo la Seagram la New York, la Mies van der Rohe, lililokamilika 1958. Nguzo zake za chuma zilibidi kufunikwa kwa zege kwa ajili ya sheria za moto, hazionekani. Basi msanifu akabandika nje mihimili ya shaba nyeusi isiyobeba chochote, ili tuone jinsi jengo "linavyosimama". Nalipenda jengo hilo sana, lakini hapo kwa kweli alitupiga chuku.

Majengo yasiyokuwepo

Kwenye filamu, katuni au mchezo wa kompyuta, mzigo hauendi popote. Ngome ikining'inia ukingoni mwa jabali, kilichoibeba ni kalamu. Kwa hiyo swali linabadilika: mchoraji alinakili kwa nani, na amechanganya vipande gani?

Anza na Neuschwanstein, kasri la Bavaria, ambalo ni la kweli na la kubuni kwa wakati mmoja. Mfalme Ludwig II aliagiza lijengwe kuanzia mwaka 1869, na michoro yake ya mwanzo ilitoka kwa Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaa la maigizo, ambaye hakuwa msanifu. Nyuma ya mawe meupe mna matofali, na ndani mlitiwa mfumo wa kupasha joto na maji ya bomba. Watu huliita "la Gothiki". Hebu funika minara kwa kiganja, utazame madirisha yaliyobaki: matao ni ya duara. Mwili wake mkubwa umeiga Romaneski. Kinachokudanganya ni vile vinara vyembamba vyenye kofia zilizochongoka.

Kasri hilo ndilo mojawapo ya yaliyowaongoza wabunifu wa kasri la Disneyland la mwaka 1955. Lile lina urefu wa mita 23 tu. Ili lionekane kubwa, mawe yake ya bandia ni makubwa chini na yanapungua kadiri unavyopanda, jicho likadhani yanarudi mbali. Kwa hiyo kasri ambalo mtoto wa leo anachora kwenye daftari ni nakala ya ndoto ya jukwaani iliyoiga zama za kati.

Shule ya uchawi ya Hogwarts, ile ya hadithi za Harry Potter, ni zoezi zuri zaidi. Hadithi inasema ilianzishwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa umri huo, Gothiki haijazaliwa, ilitakiwa iwe Romaneski ya awali au mbao. Lakini sehemu ya korido za filamu zake zilipigwa katika kanisa kuu la Gloucester, kwenye ushoroba ambao dari yake imetandazwa kama feni zilizofunguliwa, kazi ya karne ya 14. Durham pia ilitumika. Je, ni kosa? Sidhani. Shule iliyokaa muda wote huo ingekuwa imebomolewa na kuongezwa mara nyingi, kama Chartres. Jengo la kubuni lenye mitindo miwili iliyogombana linashawishi kuliko lile la mtindo mmoja safi, ambalo hunuka karatasi mpya.

Miji ya kesho nayo hukopa jana. Filamu ya Blade Runner ya 1982 ilitumia nyumba ya Ennis ya Los Angeles, aliyoibuni Frank Lloyd Wright na iliyojengwa mwaka 1924 kwa matofali ya saruji yenye nakshi zinazokumbusha mahekalu ya Wamaya. Ilitumia pia jengo la Bradbury, la mwaka 1893. Ukiona mji wa kesho wenye ngazi za ghorofa zinazopungua, tafuta New York ya miaka ya 1920. Ukiona serikali ya kidhalimu, tegemea zege tupu. Na ukiona mji wa jangwani wa katuni wenye makuba ya vitunguu na watu wanaoapa kwa jina la Baghdad, mchoraji amechota India.

Kama wewe ndiye unayebuni, kwa riwaya au kwa mchezo, chagua kwa kuanzia na mafundi wako, hisia zije baadaye. Watu wasiojua kutengeneza vioo kwa wingi hawana sababu ya kuhangaika na Gothiki: wafungulie matao mapana yaliyo wazi au uwape Romaneski yenye kiza. Wasio na chuma wala zege lililotiwa nondo usiwape kumbi bapa zisizo na nguzo katikati. Wakiwa na mawe na muda tu, wape kuba. Halafu jenga mnara wa kwanza, ruka miaka 350, na ujenge wa pili kwa mkono wa fundi mwingine.